Miaka 3 Njiani: Kisa cha Watoto Wenye Mtoto wa Jicho na Safari ya Kwenda Kupasuliwa

Mama ndiye anayeona kwanza. Amekaa uani akimwogesha mwanawe, mtoto anageuza uso kwenye jua, na pale katikati ya jicho panapotakiwa kuwa peusi pana weupe, kama tone la maziwa. Siku nyingine anagundua kwamba mtoto huigeukia sauti yake lakini hautafuti uso wake. Anamwonyesha bibi yake mtoto. Anamwonyesha jirani. Kisha siku zinaanza kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Moshi walizihesabu siku hizo. Waliwachukua watoto 178 waliofikishwa hospitali kwa upasuaji wa mtoto wa jicho nchini Tanzania, wakawauliza wazazi ni lini waliona kwamba jicho lina kasoro, wakalinganisha jibu na tarehe ya kufika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Kwa wastani ilikuwa imepita miezi 34. Karibu miaka 3 tangu mtu wa nyumbani aone kwa macho yake kwamba mtoto haoni.

Kisa ninachokichambua ni hiyo miezi 34: ilipotelea wapi, ilimgharimu mtoto nini, na walioamua kuipunguza walifanya nini.

Ugonjwa wa wazee kwenye jicho la kichanga

Wengi wetu tukisikia "mtoto wa jicho" tunamwona babu anayeshikwa mkono kupelekwa msikitini au kanisani. Jina lina mtoto ndani yake, lakini kichwani mwetu ni ugonjwa wa uzee. Kumbe lenzi ya jicho inaweza kuingia ukungu tangu tumboni. Wakati mwingine ni urithi wa familia. Wakati mwingine mama aliugua rubela mimba ikiwa changa, jambo lililogunduliwa mwaka 1941 na daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg. Mara nyingi chanzo hakipatikani kabisa. Na wapo watoto wanaozaliwa na macho safi, ukungu ukaja taratibu wakiwa na miaka 2, 4 au 7.

Mzee akichelewa kupasuliwa anapata hasara, lakini hasara hiyo inarudishika. Aliyeona kwa miaka 60, ukimtolea lenzi iliyofifia ukamwekea ya bandia, kesho yake bandeji ikifunguliwa anawataja wajukuu wake mmoja mmoja. Ubongo wake ulijifunza kuona zamani, na haukusahau. Kichanga hana akiba hiyo. Kuona ni kitu tunachojifunza, kama kutembea na kusema, na darasa lake hufunguliwa siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana madaktari wa macho ya watoto hutaka kumpasua mtoto mwenye ukungu mzito macho yote mawili akiwa na wiki 6 hadi 8 hivi. Akikaa miezi kadhaa bila kupata picha safi, macho huanza kuchezacheza bila kutulia, mengine huingia makengeza, na ubongo huzoea kulipuuza jicho. Mtoto wa namna hiyo akipasuliwa akiwa na miaka 3, daktari ataondoa ukungu wote, lakini kwenye ubao wa kupimia macho herufi nyingi hatazisoma kamwe.

Hata hivyo aliyechelewa asikatiwe tamaa, na hili nalisema kwa sababu yapo maeneo ambako mzazi huambiwa "ulikuwa wapi?" kisha akarudishwa. Huko India, Pawan Sinha na wenzake wa mradi wa Prakash wamewafuatilia watoto waliozaliwa na upofu unaotibika, wakatibiwa wakiwa wakubwa. Mwaka 2011 walieleza habari za watoto 5 wa kati ya miaka 8 na 17. Mara baada ya upasuaji hawakuweza kukitambua kwa macho kitu walichokuwa wametoka kukipapasa kwa mikono. Waliopimwa tena baadaye, mwingine baada ya siku chache tu, walikuwa wameanza kuweza. Ubongo wa mtoto una uvumilivu kuliko tulivyodhani. Lakini kinachopatikana baada ya miaka 8 hakifanani na ambacho kingepatikana baada ya wiki 8, na tofauti hiyo mtoto huibeba maisha yake yote.

Miezi ilipotelea wapi

Utafiti ule ulitaja mambo yaliyokwenda pamoja na kuchelewa: umbali kutoka hospitali, elimu ndogo ya mama, na ukungu ule unaokuja taratibu baada ya kuzaliwa.

Umbali hauhitaji maelezo marefu kwa anayeijua ramani yetu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walizindua mpango wa VISION 2020, wakapendekeza kituo kimoja cha kibingwa cha macho ya watoto kwa kila watu milioni 10. Sensa ya 2002 iliihesabu Tanzania kuwa na watu milioni 34, kwa hiyo hata nchi ingekifikia kipimo hicho, ingekuwa na vituo 3 au 4 tu kutoka Kagera hadi Mtwara. Upasuaji huu hauwezi kusambazwa kila wilaya. Mzee hudungwa sindano pembeni mwa jicho akapasuliwa huku anaongea, lakini mtoto lazima apewe nusu kaputi, na anayempa awe mzoefu wa watoto wadogo. Jicho lenyewe ni laini, na utando wa nyuma ya lenzi huingia ukungu tena haraka usiposhughulikiwa papo hapo. Kwa hiyo mtoto wa Singida ndiye anayesafiri kwenda KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, siku nzima ndani ya basi, naye mama yake akiacha shamba na watoto wengine nyumbani.

Hilo la elimu ya mama linasomwa vibaya mara nyingi. Nimesikia likigeuzwa lawama: akina mama hawajui, waelimishwe. Mwaka 2008 watafiti wa huko huko walichapisha mazungumzo waliyofanya na wazazi kuhusu sababu za kuchelewa, na picha inayotoka humo ni nyingine. Mama aliona. Aliona mapema kuliko wote. Alichokosa ni kauli. Pesa ya kuuza mbuzi au gunia la mahindi ina mwenyewe, naye ni baba, au babu, au shemeji anayetuma fedha kutoka mjini. Mama aliyeishia darasa la pili, anayeishi kwa wakwe, hasimami kikaoni kusema mtoto apelekwe mkoa mwingine kukatwa jicho. Anasema mara moja, anaambiwa tungoje, naye anangoja. Mwenye elimu kidogo au biashara yake mwenyewe hupata njia ya kulisema mara ya pili na ya tatu. Nionavyo mimi, takwimu ile ya elimu inapima nguvu ya mama ndani ya nyumba kuliko inavyopima maarifa yake.

Ile ya ukungu wa taratibu nayo inaeleweka. Mtoto aliyekuwa anaona, akaanza kujikwaa na kusogeza sahani karibu na uso, huitwa mzembe kabla hajaitwa mgonjwa. Anatembea, anacheza, anaijua njia ya kisimani. Nani atauza mbuzi kwa ajili yake?

Lipo jambo jingine kwenye mazungumzo yale linaloniuma kuliko yote. Wapo wazazi waliokwenda mapema wakarudishwa. Walifika zahanati, wakaambiwa ni mdogo mno, akue kwanza. Wengine walipewa dawa ya matone, ambayo haiwezi kuyeyusha ukungu wa lenzi hata ikitiwa mwaka mzima. Mzazi aliyeambiwa na mtu wa koti jeupe angoje, alitii. Miezi iliyofuata ikahesabiwa kwake kama uzembe.

Na hapa tufanye hesabu. Ratiba ya chanjo Tanzania inamtaka mtoto afike kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Baada ya hapo hupimwa uzito kila mwezi, kadi ikajazwa, mstari ukachorwa. Akina mama wetu huzishika tarehe hizo kwa uaminifu. Foleni za asubuhi nje ya kliniki ya mama na mtoto ni ushahidi wa kutosha. Maana yake ni kwamba mtoto yule yule aliyekaa miezi 34 bila tiba alikuwa ameshapita mikononi mwa muuguzi akiwa na wiki 6, wiki zile zile ambazo daktari wa macho angetaka kumpasua. Alivuliwa nguo, akapimwa kwenye mzani wa kuning'inia, akachomwa sindano ya paja. Jicho lake halikutazamwa kwa sababu halikuwamo kwenye orodha ya vitu vya kutazama. Muuguzi hakufanya kosa lolote. Alifanya alichofundishwa.

Baada ya kisu

Tuseme amefika. Amepasuliwa, amekaa wodini, bandeji imetolewa, anafuata kidole cha daktari, mama analia kwa furaha. Picha nyingi za uchangishaji huishia hapo. Anayemjua mtoto huyu anajua kwamba hapo ndipo kazi ilipoanza.

Lenzi ya asili hujikunja na kujinyoosha ili tuone mbali na karibu. Ya bandia haifanyi hivyo. Mtoto mdogo sana pengine hakuwekewa lenzi kabisa, kwa hiyo anahitaji miwani minene ndipo aone chochote. Aliyewekewa naye anahitaji miwani ya kusomea. Jicho linakua, namba inabadilika, na miwani ya mwaka huu haitamfaa baada ya miaka 2. Jicho moja likiwa dhaifu, lile zima huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lilazimike kufanya kazi. Shinikizo la ndani ya jicho linaweza kupanda kimya kimya miaka kadhaa baadaye na kuua kuona kulikopatikana kwa shida. Kwa sababu hizo mtoto hutakiwa arudi baada ya wiki 2, baada ya wiki 10, kisha miaka na miaka.

Wengi hawakurudi. Waliofuatilia jambo hilo Moshi waliona tena umbali ukifanya kazi yake ileile. Nauli iliyokopwa mara ya kwanza ilikuwa bado inadaiwa, na mtoto sasa anaona kidogo, hivyo mbele ya baba hoja ya kurudi haina uzito. Kwa macho ya nyumbani, hospitali ilishamaliza kazi yake. Fremu ikivunjika, imevunjika.

Hapo ndipo lilipokuja badiliko ambalo naliona kuwa kiini cha kisa hiki, nalo halikuhusu kisu wala darubini. Kituo cha Kilimanjaro Centre for Community Ophthalmology, kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001 na Paul Courtright na Susan Lewallen, kilisaidia hospitali kuweka mratibu wa watoto: mtu ambaye kazi yake ni kujua mtoto gani anatoka wapi, simu ya nani inapatikana kijijini kwao, anatakiwa arudi lini. Akipitisha tarehe, anapigiwa. Mzazi akifika, anarudishiwa nauli. Mama akiwa bado wodini, anakalishwa na kuelezwa kwa lugha yake kwa nini safari hazijaisha. Matokeo ya utaratibu huo yalichapishwa mwaka 2009, na idadi ya watoto waliorudi ilikuwa imepanda sana.

Daftari, simu na nauli. Ningependa kila anayepanga bajeti ya afya ya mtoto ayatafakari maneno hayo matatu. Upasuaji wa mtoto mmoja unahitaji daktari aliyesoma zaidi ya miaka 10, mtaalamu wa usingizi, darubini na lenzi. Yote hayo yanapotea kwa kukosa nauli ya basi. Nauli ni sehemu ya tiba, kama uzi wa kushonea ulivyo sehemu ya tiba, na mahali pake ni kwenye bajeti ya tiba. Vivyo hivyo miwani. Sasa nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na swali langu kwa kila kitita kitakachotangazwa ni hilo moja: mtoto aliyepasuliwa Moshi akitakiwa arudi baada ya wiki 10, nani anamlipia basi, na nani anamlipia miwani ya pili?

Mlango wa darasa la kwanza

Tunazungumzia nafasi za maisha, na nafasi ya mtoto wa maskini hupimwa mapema sana, pale anapoandikishwa shule. Mwalimu ana watoto 70 au 90 mbele yake na ubao mmoja. Asiyeona ubao hapewi kitabu cha peke yake, kwa sababu hakipo. Anayetoka familia yenye uwezo hupelekwa kwa daktari wa macho, hununuliwa miwani, hukalishwa mbele, hulipiwa masomo ya ziada. Wa maskini mwenye jicho lile lile hurudia darasa, halafu hubaki nyumbani kuchunga mbuzi wa jirani. Akiwa msichana, uwezekano wa kufikishwa hospitali tangu mwanzo ni mdogo zaidi. Mapitio ya takwimu za nchi nyingi za kipato cha chini yameonyesha wavulana wakipasuliwa kwa wingi kuliko wasichana, hata mahali ambapo ugonjwa wenyewe haubagui.

Njia nyingine ni shule ya wasioona. Tanzania inazo za siku nyingi: Buigiri huko Dodoma tangu mwaka 1950, Irente huko Lushoto, Furaha huko Tabora, na Mwereni hapo hapo Moshi. Ninaziheshimu shule hizo kwa moyo wote. Zimetoa walimu, wanasheria na wachungaji ambao kijiji kisingewapa hata kalamu. Lakini watafiti waliopita kwenye shule za wasioona za Malawi, Kenya, Tanzania na Uganda, na kuchapisha walichokiona mwaka 2009, waliwakuta humo watoto wenye mtoto wa jicho, wakiwemo waliokwisha kupasuliwa. Mtoto anapasuliwa, miwani haipatikani au inavunjika, hakuna anayempima tena, na kwa kuwa shule ya kijijini ilishamkataa, anaishia kujifunza nukta nundu. Walimu wa elimu maalumu wanamjua mtoto wa namna hii: huinamia karatasi akazisoma nukta kwa macho, pua ikigusa meza, badala ya kuzipapasa kwa vidole. Miwani na maandishi makubwa vingemrudisha darasani kwao, akalala nyumbani kwa mama yake.

Kuhusu kinga nitasema machache, kwa kuwa hapo nchi imefanya vizuri. Mwezi Oktoba 2014 Tanzania ilifanya kampeni ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, kisha chanjo hiyo ikaingia kwenye ratiba ya kawaida, miezi 9 na miezi 18. Kenya ilifuata mwaka 2016. Baadhi ya wasichana waliochanjwa mwaka ule sasa ni akina mama wenyewe. Ukungu wa rubela unatarajiwa kupungua kwa watoto wao. Ule wa urithi na ule usiojulikana chanzo utabaki, na utaendelea kuhitaji mtu wa kuuona mapema.

Wiki ya 6

Na kuuona mapema kunawezekana. Jicho zima likimulikwa taa moja kwa moja, mboni hurudisha mwanga mwekundu, ule unaoonekana kwenye picha za usiku. Lenzi yenye ukungu huuzuia, mboni ikaonekana nyeusi au nyeupe. Hata saratani ya jicho ya watoto hujionyesha kwa weupe huo huo, na yenyewe huua. Kipo kifaa kidogo kiitwacho Arclight, cha kutosha mfukoni, kinachochajiwa kwa jua, kilichotengenezwa kwa ajili ya mahali kama zahanati zetu. Watafiti wamekijaribu mkoani Kilimanjaro, kwenye kliniki za mama na mtoto zile zile za mzani wa kuning'inia, mikononi mwa wauguzi wale wale. Wauguzi waliweza kukitumia.

Inamchukua muuguzi muda mfupi kuliko kuchoma sindano. Pazia linafungwa kidogo ili chumba kiwe na giza, mtoto anashikwa na mama yake, taa inaelekezwa jicho moja, kisha la pili. Mboni zikirudisha wekundu, kadi inajazwa na mama anakwenda zake. Isiporudisha mojawapo, muuguzi anaandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo, anachukua namba ya simu ya baba, na anampigia mratibu wa watoto Moshi kumwambia kwamba yupo mtoto wa wiki 6, anatoka kijiji fulani, na nauli itakayomleta ni ya watu wawili.